Keneli Ikijibu "Sina"

Programu nyingi za Linux haziongei na keneli moja kwa moja. Maktaba ya C, glibc, ndiyo inayoziombea. Kazi huanza pale maktaba inapokuwa mpya na keneli ya zamani. Chukua clone3, wito wa mfumo (system call): iliingia Linux 5.3 mwaka 2019, na glibc 2.34 ya 2021 huanza nayo kila inapounda thredi. Keneli isiyoijua hujibu ENOSYS, kosa namba 38. Hapo glibc hurudia clone ya zamani kimyakimya, na programu inaendelea kama kawaida.

Fuata mwendo huohuo kwenye msimbo wako. Usiamue kwa kusoma `uname -r`: Red Hat hupachika mambo mapya kwenye keneli zenye namba za zamani, na ndani ya kontena namba unayoiona ni ya mashine mwenyeji. Piga wito wenyewe, kisha soma errno. Ukikuta ENOSYS, shika njia ya pili na uhifadhi jibu hilo ili usiulize tena kila mara.

Ila EPERM usiihesabu kuwa "haipo". Hiyo ni kukatazwa, na hapa ndipo wengi walipokwama. Docker za kabla ya 20.10.10 zilijibu clone3 kwa EPERM kupitia kichujio chake cha miito, seccomp. Glibc ikaelewa ni marufuku, haikujaribu clone, na thredi hazikuundwa. Dawa ni kupandisha toleo la Docker. Kuzima seccomp ni kung'oa mlango kwa sababu kitasa kimekwama. Na ukiandika kichujio chako, wito usioujua ujibiwe ENOSYS.

Kuhakikisha, endesha:

`strace -f -e trace=clone,clone3 ./programu`

Ukiona clone3 imerudisha ENOSYS na mstari unaofuata ni clone, hakuna ugonjwa. Ukiona EPERM na clone haifuati, kishuku kichujio. (strace ya zamani huenda isiijue clone3 kwa jina na ikaikataa amri hii; iendeshe bila -e, nayo itaiandika syscall_0x1b3.)

Usitegemee pia kwamba maktaba itaziba kila pengo. glibc 2.27 iliiga copy_file_range kwenye keneli zisizo nayo, lakini toleo la 2.30 likauondoa uigaji huo. Tangu hapo, anayetaka kunakili faili kwenye keneli hizo aandike mwenyewe kitanzi cha read na write.