Mbayuwayu Wageni

Kila mwaka, kuanzia Septemba, mbayuwayu wa Ulaya hufika kwetu Afrika ya Mashariki. Huko kwao baridi ikiingia, wadudu warukao, ambao ndio chakula chao, hutoweka. Ndege mmoja ana uzito wa gramu 20 hivi tu.

Safari yao ilijulikanaje? Mei 1911, huko Staffordshire, Uingereza, Bwana John Masefield alimvika mmoja pete mguuni. Desemba 1912 ndege huyo alipatikana Natal, Afrika ya Kusini. Pete ikasomwa, na barua ikaandikwa kwenda London. Pasipo barua ile, habari ingalipotea.

Bwenini kwetu tuna daftari la ndege: siku, mahali, idadi. Mwaka jana, kwa kutaka kuwa wa kwanza, niliandika, "Wageni wamefika." Mdogo wetu wa Kidato cha Pili akauliza, "Kaka, vifua vyao vilikuwaje?" Sikujua. Kesho yake tukawaangalia pamoja: vifua vina michirizi, kumbe ni wenyeji! Mgeni ana koo la rangi ya kutu, wala hana michirizi. Nililifuta neno langu mbele ya wenzangu.

Basi, ndugu msomaji, andika ulichokiona, si ulichotamani kukiona.