SOMO LA KAZI: UMEME UKIRUDI, TUWASHE KWA MPANGILIO



Umeme ukikatika kazini, kila mtu hukaa chini kupumzika. Ukirudi, makelele hupigwa na kila mtu hukimbilia swichi yake. Katika dakika hiyo moja watu hupoteza vidole, mota huungua, na kumbukumbu za mishahara huharibika. Somo letu la leo linahusu dakika hiyo.

Kanuni ni moja: kinachotegemewa kiwe tayari kwanza, ndipo kinachokitegemea kiwashwe. Wakati wa kuzima, tunarudi kinyumenyume. Tutaiangalia kanuni hii katika mahali patatu pa kazi.

1. KARAKANA ZA KATWE

Mafundi wa Katwe, hapa Kampala, wanajulikana nchi nzima kwa mageti, majiko, toroli, masufuria ya alumini, mashine za kukata majani ya ng'ombe na mashine za kusaga mahindi. Karakana zimebanana, na mara nyingi mafundi kadhaa hutumia laini moja ya umeme.

Mota inapoanza kuzunguka huvuta umeme mwingi kuliko inapokuwa imeshika mwendo, mara 5 hata 8 zaidi. Mota moja ikianza, laini huvumilia. Mota 6 zikianza pamoja, nguvu ya umeme hushuka, zote hunguruma bila kuzunguka, na nyaya za ndani hupata moto mpaka zinaungua. Fundi husema umeme ni mbaya, kumbe zote ziliachwa zimewashwa.

Kwa hiyo umeme unapokatika tufanye hivi:

(a) Kila mtu azime mashine yake mara moja. Swichi kubwa zenye sumaku hujiachia zenyewe umeme ukikatika, lakini grainda na mashine nyingi ndogo hazina kinga hiyo. Grainda iliyoachwa mezani ikiwa imewashwa itaruka yenyewe umeme ukirudi.

(b) Anayeingiza mkono ndani ya mashine ili kuitengeneza aifungie swichi kwa kufuli na kutundika kibao. Kufuli hilo afungue yeye tu. Umeme ukiwa umekatika tusidhani mashine imekufa, imelala tu.

(c) Umeme ukirudi, tungoje kidogo, kwani mara nyingi hurudi na kukatika tena. Kisha tuhakikishe nyaya zote 3 za laini kubwa zina umeme, yaani volti 415 kati ya waya na waya. Ukikosekana mmoja, mota itanguruma na kuungua.

(d) Ikiwa laini ilikuwa ikitengenezwa, tujaribu mota moja bila mzigo na kutazama inazungukia upande gani. Nyaya zikibadilishwa nafasi, mota huzunguka kinyume.

(e) Ndipo tuwashe moja moja. Kompresa itangulie, maana bastola ya kupulizia rangi inategemea hewa yake. Mashine ya kusaga ishike mwendo ikiwa tupu kabla ya kutiwa mahindi. Tukitumia jenereta, mota kubwa ianze kwanza, wakati jenereta bado haina mzigo mwingine, kisha zifuate ndogo.

2. KIWANDA CHA CHAI

Wenzetu wa mashambani wanaijua kanuni hii kwa macho. Majani ya chai hupita kutoka mashine hadi mashine juu ya mikanda. Mkanda wa mwanzo ukiwashwa kabla ya ule wa mbele yake, majani hurundikana, hukwama, na mtu hutumwa kuyatoa kwa mkono. Hapo ndipo ajali hutokea. Kwa hiyo tunaanza mwisho wa mstari na kurudi nyuma: kinachopokea kizunguke kwanza, kinacholeta kifuate. Wakati wa kusimamisha, tunakata kwanza majani yanayoingia, tunaacha mikanda imalize kilichomo, kisha tunazima kwa kuyafuata majani mpaka mwisho.

3. CHUMBA CHA KOMPYUTA

Huenda mtu akauliza: kompyuta za ofisini zinatuhusu nini? Zinatuhusu sana. Humo ndimo zilimo siku tulizofanya kazi, kilo tulizochuma, saa za ziada, na michango ya NSSF: asilimia 5 kutoka mshahara wetu na asilimia 10 kutoka kwa mwajiri. Tena anayewasha jenereta usiku, na mara nyingine swichi za chumba hicho, ni fundi umeme au mlinzi, yaani mwenzetu.

Katika kampuni kubwa kumbukumbu hizo hukaa katika makabati yenye diski nyingi. Juu yake upo mtambo unaoziongoza diski, na juu ya mtambo huo zipo seva, kompyuta kubwa zinazohudumia zile za mezani. Mpangilio ni huu: kwanza umeme wa chumba, betri za akiba na vipoza hewa, pili swichi za mtandao, tatu makabati ya diski, nayo yaachwe mpaka diski zote zimeshika mwendo na taa zimetulia, nne mtambo wa kuongoza, tano seva, mwisho kompyuta za mezani.

Kwa nini? Mtambo wa kuongoza ukiamka kwanza, huzitafuta diski na hauzioni. Huzihesabu kuwa zimeharibika, wala hauelewi kwamba zimechelewa tu. Huenda ukakataa kufanya kazi, au ukaanza kupanga upya kumbukumbu zilizokuwa salama. Na wakati wa kuzima, seva zitangulie na makabati yawe ya mwisho, kwa sababu mtambo huweza kuwa bado umeshika maandishi ambayo haujayaandika kwenye diski. Kukata umeme hapo ni sawa na kumnyang'anya karani kalamu katikati ya mstari.

WAJIBU WA MWAJIRI NA WETU

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya Uganda ya mwaka 2006 inamtaka mwajiri alinde usalama wa wafanyakazi na kuwapa maelezo na mafunzo ya kazi yao. Mpangilio wa kuwasha na kuzima ni sehemu ya maelezo hayo. Usikae kichwani mwa msimamizi mmoja ambaye huenda yuko likizo. Tudai uandikwe kwa lugha tunayoisoma na ubandikwe ukutani, karibu na swichi, pamoja na jina la mwenye zamu anayetoa ruhusa ya kuwasha. Mfanyakazi asilaumiwe kwa kukosea mpangilio ambao hakufundishwa.

Na sisi tutimize yetu: tufuate mpangilio hata tunapohimizwa kuharakisha, na kila mmoja ahifadhi karatasi zake za mshahara. Mashine ikisahau, karatasi itakumbusha.

MASWALI YA KUJADILI TAWINI

1. Katika kazi yetu, ni mashine zipi huruka zenyewe umeme unaporudi?
2. Makufuli na vibao vya swichi vipo? Vinakaa wapi?
3. Mpangilio wa kuwasha umeandikwa wapi, na nani aliufundisha kwa zamu ya usiku?
4. Kumbukumbu za mishahara zikipotea leo, sisi wenyewe tuna ushahidi gani mkononi?

Majibu yaandikwe na mwakilishi wa tawi ayapeleke katika mkutano ujao na mwajiri.