Kifafa na Tegu wa Nguruwe: Somo kwa Asiyekula Nguruwe

Imethibiti kwa matabibu kwamba miongoni mwa sababu za kifafa ni mnyoo, naye ni tegu wa nguruwe. Shirika la Afya Duniani limetaja kuwa katika nchi nyingi alikoenea tegu huyu, kiasi cha asilimia 30 ya wenye kifafa wamekipata kwa sababu yake. Huenda msomaji akauliza: "Habari hii yatuhusu nini sisi, ambao nyama ya nguruwe haiingii majumbani mwetu?" Swali hili lastahiki jawabu, kwani mna ghururi ndani yake.

Yatupasa kufahamu kuwa madhara ya tegu huyu yana njia mbili.

Ya kwanza ni kula nyama ya nguruwe isiyoiva yenye vifuko vya tegu. Mwenye kuila huota tegu utumboni, akaweza kukaa naye miaka asijue. Njia hii Mwenyezi Mungu ametufungia kwa kuiharimisha nyama hiyo.

Ya pili ni mayai. Mayai ya tegu hutoka pamoja na choo cha aliye naye. Asiponawa vyema, hubaki katika vidole na kucha zake yakaingia katika chakula anachokishika. Au huchukuliwa na maji na mboga zilizopatwa na uchafu huo. Mwenye kuyameza hupenywa utumbo na vijidudu vinavyotoka mayaini, vikachukuliwa na damu hata misulini, machoni na ubongoni, vikafanya vifuko. Kifuko cha ubongoni, aghalabu kinapokufa, huvimbisha mahali pake, na mtu akaanguka kifafa. Pengine miaka mingi baada ya kumeza.

Basi kinacholeta kifafa hiki ni mayai, na mayai hayaulizi dini ya mtu. Mwaka 1992 matabibu waliandika habari za Mayahudi 4 wa New York, watu washikao dini yao wasiokula nguruwe, walioonekana na vifuko hivi ubongoni. Walipopimwa watumishi wa majumbani mwao, waliotoka nchi zenye ugonjwa huu, mmoja alikutwa na tegu. Hapa kwetu Kenya tegu huyu yuko pande za magharibi, kama Busia, na watu husafiri.

Wala tusiitumie habari hii kuwadhania vibaya watumishi wetu. Aliye na tegu ni mgonjwa, haki yake ni kupelekwa kwa daktari, na dawa yake ipo. Wajibu wetu sote ni kunawa kwa sabuni baada ya haja na kabla ya kupika na kula, kuosha vyema mboga na matunda yaliwayo mabichi, kuchemsha maji ya kunywa, na kutunza vyoo. Dini iliyotuamrisha istinja haikutuamrisha jambo dogo.

Limebaki la mgonjwa mwenyewe. Si kila kifafa chatokana na tegu, lakini wangapi wamezungushwa kwa waganga kupungwa pepo, hali maradhi yao yana tiba? Imepokewa katika Sahihi ya Bukhari kwamba mwanamke aliyekuwa akiangukaanguka alimwendea Mtume (s.a.w.) kuomba dua, hakumfukuza wala hakumdharau, bali alimbashiria Pepo kwa subira yake, na akamwombea asifunuke aangukapo. Iweje sisi tumkimbie wetu hata akaungua motoni, kwa kuogopa povu lake? Kifafa hakiambukizi kwa povu. Aangukapo, mwondosheni penye moto na maji, mlazeni ubavu, wala msimtie kitu kinywani.

Kisha mpelekeni hospitali. Daktari aweza kuamrisha picha ya ubongo, na kumpa dawa za kuzuia kifafa. Msimnunulie dawa ya minyoo kwa kukisia: vifuko vya ubongoni vikifa kwa ghafula bila uangalizi wa daktari, uvimbe huzidi na hatari huzidi.

Tumwombee dua, na tumpeleke kwa tabibu. Moja haliondoi jengine.

Wabillahi tawfiq.