Mlo Usio na Ngano Katika Hoteli ya Igogo

Katika bweni letu yumo mwenzetu ambaye daktari amemkataza kabisa kula ngano. Anapoikataa chapati, wengi hudhani kwamba anaringa. Kwa hiyo nimeona yafaa nieleze jambo hili.

Ndani ya ngano, shayiri na rai mna protini iitwayo gluteni. Ndiyo inayofanya kinyunga cha chapati kivutike. Kuna watu wenye ugonjwa uitwao siliaki. Wakila gluteni, kinga ya mwili huushambulia utumbo mwembamba wenyewe, na vile vinyweleo vidogo vinavyofyonza chakula huharibika. Mtu hula akashiba, lakini huweza kukonda na kupungukiwa damu. Ugonjwa huu hauambukizi. Tiba yake ni kuacha gluteni maisha yote. Aliyegundua kwamba ngano ndiyo chanzo cha madhara ni Daktari Willem Dicke wa Uholanzi, naye aliyaeleza hayo katika tasnifu yake ya mwaka 1950.

Je, mtu wa namna hii atakula nini? Siku za ruhusa sisi hula katika hoteli ndogo ya familia moja hapa Igogo. Mama hupika, na binti zake huandaa meza. Tulipomweleza habari hii, alicheka akasema, “Mwanangu, mbona chakula chako ndicho chetu!” Alisema kweli. Ugali wa mahindi au wa udaga, wali, michembe, ndizi, maharage, sato na dagaa, vyote kwa asili havina gluteni. Mtama na ulezi pia ni salama, mradi unga wake haukuchanganywa na ngano.

Lakini yako mambo matatu ya kuangalia jikoni. Kwanza ni mafuta: sato akikaangwa katika mafuta yaliyokaanga maandazi, hafai tena. Pili ni unga wa ngano unaopakwa samaki au kutiwa katika mchuzi ili uwe mzito. Tatu ni vyombo, kama kibao cha kusukumia chapati na mwiko usiooshwa. Basi sasa Mama humpikia mwenzetu sato wa mchuzi katika sufuria ya peke yake, wala hamtozi zaidi.

Anayejishuku asiache ngano kwa shauri lake mwenyewe. Aende kwanza hospitali, kwa maana akiacha kabla ya kupimwa, kipimo cha damu huenda kisionyeshe ugonjwa.

Shuleni, chai yetu ya asubuhi huja na mkate, na mwenzetu hunywa chai tupu mpaka saa sita. Italia, nchi ya tambi, ilitunga sheria mwaka 2005 kwamba majiko ya shule yawapikie wagonjwa hawa chakula kisicho na gluteni. Ikiwa nchi inayopenda ngano kiasi hicho imekubali, sisi wenye mihogo na viazi vitamu tutashindwaje? Sufuria moja na mwiko mmoja vyatosha kuanzia.