Madaftari Yabaki Shuleni

Piga hesabu kwanza. Darasa la pili lina watoto 80, na kila mmoja ana daftari la kuandika na la kuhesabu. Hata ukitumia dakika moja tu kwa kila daftari, zimekwenda dakika 160, karibu saa tatu, na andalio la somo la kesho hujaligusa. Ndiyo maana jioni kituoni humkosi mwalimu aliyekumbatia kiroba cha madaftari huku akigombea daladala. Atayasahihisha usiku, maharage yanaungulia jikoni, na mtoto wake mwenyewe anauliza jambo lile lile mara ya tatu bila kujibiwa.

Kiwango cha serikali tunakijua: mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45. Tunajua pia kilichotokea Januari 2016 michango ya shule ilipofutwa. Watoto waliokuwa wakibaki nyumbani kwa kukosa hela ya dawati au ya mlinzi waliletwa kuandikishwa, na madarasa ya kwanza yakafurika. Lilikuwa jambo jema. Lakini kungojea walimu waongezwe huku unajimaliza mwenyewe si mpango. Ninachopendekeza ni hiki: vitu vya nyumbani viende shuleni kwa wingi kadiri uwezavyo, ila kazi ya shuleni isirudi nyumbani. Wengi wetu tunaofundisha madarasa ya chini tunafanya kinyume chake.

Tuanze na vinavyokwenda. Tangu mtaala wa mwaka 2015, darasa la kwanza na la pili wamewekewa KKK mbele ya yote: kusoma, kuandika na kuhesabu. Karibu zana zote za stadi hizo zinapatikana kwenye takataka za mtaani. Mwachie kopo mwenye grosari ya jirani, baada ya wiki utalikuta limejaa vizibo. Vya chuma vigonge kwa jiwe mpaka kingo zilale, la sivyo vitakata vidole. Vifuniko vya plastiki vya chupa za maji vinafaa kwa kazi nyingine: vioshe kwa sabuni, vianike, kisha kila kimoja kiandike silabi kwa maka peni. Punje za mahindi na maharage ziache zibaki jikoni. Kwa watoto wa miaka sita au saba, nusu zitaingia puani na masikioni, na zilizobaki zitatafunwa.

Zana ninayoithamini kuliko zote ni ufagio wa chelewa uliochakaa. Kata njiti zake ziwe na urefu wa kidole, zifunge kumi kumi. Kamba nzuri ya kufungia ni mpira: omba tyubu mbovu kwa fundi baiskeli, ikate iwe vipete vyembamba. Mahali pasipo na minazi, mabua ya mtama au matete yatafaa vilevile. Kila kikundi kipate mafungu tisa na njiti kumi za peke yake.

Sasa tazama kazi yake. Mtoto ameandika 52 − 27 = 35. Hakubahatisha. Kwenye mamoja ameona 2 na 7, naye amezoea kwamba kidogo hutolewa kwenye kikubwa, basi akatoa 2 kwenye 7 akapata 5. Kwenye makumi akatoa 2 kwenye 5 akapata 3. Ukimchorea kosa kwa kalamu nyekundu, atajua amekosa lakini hatajua wapi, na kesho ataleta kosa lile lile. Mwite mezani. Mpe mafungu matano na njiti mbili, umwombe akupe njiti 27. Mafungu mawili atayatoa bila kusita. Halafu anatakiwa atoe njiti saba, na mkononi zipo mbili tu. Hapo nyamaza. Jambo gumu kwa mwalimu ni kunyamaza, lakini nyamaza. Mtoto mmoja atakuomba ruhusa ya kufungua fungu, mwingine atafungua bila kuomba, wa tatu atakutazama tu mpaka jirani yake amchokoze. Fungu likifunguka ana mafungu mawili na njiti 12. Anatoa saba, zinabaki tano. Jibu ni 25, na limo mikononi mwake.

Baada ya hapo ndipo uende ubaoni, uwaonyeshe kwamba ile kumi tunayoikopa upande wa makumi ni fungu lililovuliwa mpira. Usiharakishe. Ni afadhali kipindi kizima cha dakika 30 kiishie kwenye maswali mawili ya namna hii kuliko mtoto anakili maswali kumi na tano na kuyakosa yote kwa njia moja. Na angalia faida yake kwako: maswali mawili hayaujazi mfuko wako jioni.

Duka la darasani nalo halina gharama. Pakiti tupu za chumvi, majani ya chai, sabuni na kiberiti zipange juu ya dawati, bei ziandikwe kwenye vipande vya boksi, sarafu za shilingi 50, 100, 200 na 500 zichorwe kwenye manila na kukatwa. Siri iko kwa muuzaji. Mnunuzi anatoa hela tu. Anayehangaika na chenji ni muuzaji, kwa hiyo yeye ndiye anayejifunza zaidi. Mbadilishe kila baada ya wateja watano, kwa sababu wale wachangamfu wakikaa dukani hawatoki.

Kwenye kusoma, vile vifuniko vya silabi vinatosha kwa miezi mingi. Fundisha sauti ya herufi kabla ya jina lake, maana mtoto aliyekariri "em, a" hawezi kuona "ma" inatoka wapi. Ukiwa unafundisha sehemu ambako lugha ya nyumbani haitenganishi r na l, tengeneza kadi za jozi: kalamu na karamu, kula na kura, mahali na mahari. Tamka, mtoto aokote kadi. Usimcheke wala usiruhusu achekwe na wenzake. Sikio lake litazoea kabla ya ulimi wake.

Haya yote hayawezekani ukiwashika watoto 80 kama kundi moja. Gawa vikundi vitano, vipe majina ya matunda: embe, nanasi, papai, chungwa, ndizi. Usivigawe kwa uwezo. Watoto hugundua upesi sana kikundi gani ni cha "wasiojua", hata ukikiita Nanasi. Changanya anayesoma vizuri na anayebabaika, na kiongozi abadilike kila wiki.

Kisha kila kikundi kipewe siku yake. Jumatatu ni siku ya Embe: watoto 16 wanapita mezani kwako mmoja mmoja, kila mmoja anakusomea sentensi mbili tatu kwa dakika moja huku wengine wakiandika. Daftari la aliyesoma unalisahihisha hapo hapo, mbele yake, naye anaona unachofanya na kwa nini. Zile dakika chache zinazidi thamani ya vema kumi zilizochorwa usiku na mwalimu anayesinzia. Siku hiyo madaftari ya vikundi vingine unayapitia ukitembea kati ya madawati na kalamu mkononi, ukitazama swali moja tu ulilolichagua, lile lenye mtego. Hesabu nyingine zisahihishwe ubaoni kwa pamoja, watoto wakibadilishana madaftari. Watadanganyana kidogo mwanzoni. Baada ya majuma machache watakuwa wakali kuliko wewe.

Mwisho wa wiki umemsikiliza kila mtoto akisoma. Waulize walimu wa madarasa makubwa ni mara ngapi wanawasikiliza wote. Utakuwa pia unajua kwa majina nani ameachwa nyuma kwenye silabi za "ng'" na nani bado anageuza b kuwa d, bila kungoja mtihani ukuambie.

Kuna kikwazo, na nisikifiche. Mthibiti ubora wa shule akifika anataka kuona kazi imesahihishwa, na mzazi akifungua daftari asione wino mwekundu anadhani mwalimu analala. Dawa yake ni kusema mapema. Mweleze mwalimu wa taaluma ratiba yako ya vikundi kabla hujaanza, ibandike ukutani, na kila daftari lililosahihishwa na mwenzake lipate saini fupi ya mtoto aliyesahihisha pamoja na tarehe. Kwenye kikao cha wazazi, eleza kwa mfano mmoja: chora 52 − 27 ubaoni, uwaulize wangemsaidiaje mtoto. Watu wazima wanaupenda mchezo huo kuliko hotuba.

Andalio la somo lisiwe kazi ya Jumapili usiku. Watoto wa madarasa ya chini wakishatoka, unabaki na muda kabla ya kuondoka shuleni, na muda huo huliwa na maongezi ya ofisini, mazuri sana, ya mikopo na upandishaji wa madaraja. Chukua siku mbili za wiki, tafuta kona, andika maandalio ya siku zinazofuata kwa mkupuo. Kama mkondo A na B wana walimu wawili, gawaneni: mmoja aandae kuhesabu, mwingine kusoma, mbadilishane. Siku ya zamu usijidanganye kwamba utaandika chochote.

Tuje nyumbani. Ukiingia mlangoni, jipe nusu saa isiyo ya mtu. Vua viatu, badili nguo, kunywa maji au chai, waambie watoto hivyo kwa maneno mepesi. Sauti uliyoipaza darasani tangu asubuhi bado iko kooni, na ukianza kuongea mara moja utaongea na mwanao kama unaita mahudhurio.

Mtoto wa mwalimu ana mzigo wake. Akisoma shule unayofundisha, asubuhi mpaka mchana anatakiwa kukuita Mwalimu, akichelewa kupanga mstari wenzake wanamtazama yeye, akifaulu wanasema alipewa majibu. Usimwongezee mzigo huo jioni kwa kumfundisha wewe. Kazi ya nyumbani amsimamie baba yake, mama yake, dada au mjomba, yeyote asiye na chaki. Wewe kaa naye kwenye mambo yasiyo na daftari. Mwambie apime vikombe vya mchele na vya maji. Mtume gengeni na shilingi 2,000 akanunue nyanya na kitunguu, chenji ahesabu yeye, na akikosea usimrudishe barabarani kwa aibu. Keti naye, mhesabu pamoja. Akikusomea maandishi ya pakiti ya chumvi wakati unapika, umepata zoezi la kusoma ambalo wala hajui ni zoezi. Na wavulana waoshe vyombo na kuchambua mchele kama wasichana. Anayesimama mbele ya darasa Jumatano akisema kazi hazina jinsia asikutwe Jumamosi amemwita binti peke yake jikoni.

Kuna jambo la tuisheni, nitalipita haraka. Najua mshahara, najua unaishia wapi mwezi ukifika katikati. Lakini kwa mtoto wa darasa la kwanza au la pili, saa mbili za jioni kwenye kibaraza chako baada ya kutoka shule zinamchosha zaidi kuliko zinavyomfundisha, na zinakuibia jioni yako. Kuku wa mayai au maandazi ya asubuhi yatakusaidia bila kukufanya uendelee kuwa mwalimu mpaka usiku.

Simu nayo iwekewe mpaka. Mzazi anayepiga saa nne usiku kuuliza kwa nini penseli ya mwanawe imepotea si mtu mbaya; hajaambiwa tu. Mwanzo wa muhula watangazie wazazi muda wa kupiga, kwa mfano saa tisa mpaka saa kumi na moja jioni, na ueleze kwamba mtoto akiugua au akipotea wapige saa yoyote. Wengi wataheshimu. Kwenye kundi la WhatsApp la darasa, usijibu suala la mtoto mmoja mbele ya wazazi wote; mwambie mzazi aje shuleni au mzungumze pembeni.

Likizo za Juni na Desemba zina kazi moja ndogo ya kufanya nyumbani, na hiyo inafaa kuifanya na watoto wako kwenye mkeka: kukagua zana. Njiti zilizovunjika zibadilishwe, vipete vya mpira vilivyolegea vikatwe vingine, silabi zilizofutika ziandikwe upya, na hapo mwanao mwenye mwandiko mzuri apewe maka peni. Kadi za boksi zilizobandikwa kwa uji wa unga wa muhogo hupendwa sana na panya, kwa hiyo zihifadhi kwenye ndoo yenye mfuniko, si kwenye kiroba. Ndoo za rangi zilizokwisha hupatikana kwa mafundi wanaojenga. Moja inatosha darasa zima.