Somo: Kuuza Chagua kwa Njia ya Simu bila Kula Mtaji



Karibu kila juma, tunapotembelea nyumba kwa nyumba, tunaulizwa swali hili: je, mkimbizi anaweza kupata kitu kidogo kwa kuuza vitu vilivyotumika kwenye simu? Jibu ni ndiyo. Lakini swali hilo lina mdogo wake ambaye watu hawamwulizi. Je, hicho kitu kidogo ni faida kweli, au ni mtaji wako mwenyewe unaokurudia vipande vipande, nawe unaula ukidhani ni faida? Somo la leo ni la swali hili la pili.

Limeandikwa hasa kwa sisi tunaoishi mjini Bujumbura, katika Buyenzi, Bwiza, Kinama, Kamenge, Musaga na penginepo. (Nikisema Kinama nina maana ya kartiye ya hapa mjini, siyo kambi ya Kinama ya Muyinga.) Ndugu zetu wa kambini nao watapata la kwao, ila waulize kwanza ofisi habari ya kibali cha kutoka kabla ya kumwahidi mteja mzigo.

Chagua hutoka wapi

Nguo hizi huanza safari Ulaya, Marekani, China na nchi nyingine. Mwenyewe huzitoa, mara nyingi bure. Makampuni huzikusanya, huzichambua, huzifunga baloti na kuziuza kwa kilo. Zinapofika Ruvumera, Cotebu au kwa Siyoni zimekwisha kupita mikono mingi, na kila mkono umechukua fungu lake. Kwa hiyo usidhani kwamba kwa sababu nguo ilitolewa bure huko, basi hapa kuna faida inayokungoja barabarani.

Bei ya baloti nayo haitegemei soko peke yake. Mwaka 2016 wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo Burundi ni mwanachama tangu 2007, walikubaliana kupunguza na hatimaye kuacha kuagiza nguo zilizotumika. Mwaka huohuo Rwanda ilipandisha ushuru kutoka dola 0.20 hadi dola 2.50 kwa kilo moja. Marekani ilichukia, na mwaka 2018 ikaziondolea nguo za Rwanda nafasi ya kuingia kwake bila ushuru. Mkimbizi mwenye mfuko mmoja wa nguo hana sauti katika mambo hayo, lakini bei yake hupanda na kushuka kwa sababu yake. Usiweke chakula cha watoto mahali ambapo karatasi moja ya mbali inaweza kukigusa.

Faida hupatikana wakati wa kununua

Wengi hufikiri kazi ni kuuza. Kuuza ni nusu ndogo. Ukinunua vibaya, hata ungekuwa na maneno matamu kama asali, utauza hasara.

Kwa anayeanza, baloti nzima haifai. Baloti hununuliwa ikiwa imefungwa; ukiifungua nyumbani na kukuta nusu yake ni makoti mazito ya theluji, huyo aliyekuuzia hakujui tena. Nunua kipande kipande kwa mwenye kufungua baloti sokoni. Asubuhi, baloti inapofunguliwa, nguo ni nzuri na bei ni kali. Mchana bei hushuka lakini vizuri vimekwisha kwenda. Kila mtu atafute saa yake kwa kuzoea, ila isiwe jioni. Hilo nalisema kwa kuumia.

Mwaka wangu wa kwanza hapa Bujumbura nilinunua suruali kumi za jinzi saa kumi na mbili jioni, taa ikiwa hafifu na muuzaji akiwa na haraka ya kufunga. Nilifurahia bei. Nyumbani, kwenye mwanga wa asubuhi, nikaona zipu nne hazifungi, mbili zina madoa ya mafuta ya gari, na moja mguu mmoja ni mfupi kuliko mwingine. Ile pesa haikuwa ya biashara. Ilikuwa ya unga na ya kodi ya chumba. Mama hakunigombeza. Alinyamaza tu, na wadogo zangu wakala mara moja kwa siku kwa siku tisa. Tangu siku ile nashika kila nguo mbele ya mwanga, nafungua na kufunga zipu, naangalia kwapani, kwenye kola na katikati ya miguu, na ninavuta mshono. Muuzaji akinuna, anune.

Hesabu ya kweli

Chukua daftari. Bei ninazotoa ni za mfano tu. Za sokoni hubadilika.

Tuseme dada mmoja amenunua magauni sita ya watoto kwa franka 60,000. Ameuza matano kwa 18,000 kila moja, jumla 90,000. Gauni la sita lina doa lisilotoka, limebaki. Ukimwuliza, atakuambia: «Nimepata faida ya 30,000.» Sasa mwombe aongeze sabuni 4,000, uzi na vifungo 3,000, nauli ya kwenda sokoni na kupeleka mizigo 5,000, intaneti 5,000, na gharama za kutuma na kutoa pesa kwenye simu 3,000. Hiyo ni 20,000. Matumizi yote ni 80,000. Faida yake ni 10,000, tena kwa kazi ya majuma mawili.

Elfu kumi si kitu cha kudharau. Lakini dada huyu, akijua ana 30,000, atatumia 30,000, na safari ijayo atakwenda sokoni na mtaji wa 60,000 badala ya 80,000. Mara ya tatu hatakwenda. Hivyo ndivyo mtaji unavyoliwa na watu wazuri wasiokunywa pombe wala kucheza karata.

Na deni? Mteja akisema «nitakulipa mwisho wa mwezi», gauni moja tu likichukuliwa na lisilipwe, dada huyu amepata hasara ya 8,000. Mjibu kwa upole: «Mama, nitakuwekea mpaka hiyo siku.» Anayetaka kweli atarudi.

Mteja wa simu ana macho tu

Mteja wa sokoni hushika nguo, huinusa, huipima mwilini. Mteja wa simu ana macho tu, tena macho ya kukopeshwa na picha yako. Kazi yako ni kumpa mikono yake.

Fua na piga pasi kwanza. Piga picha mlangoni asubuhi, kwa mwanga wa jua, nguo ikiwa imetundikwa kwenye kitambaa au ukuta safi. Piga mbele, nyuma, ndani ya kola, na kisha piga kasoro. Ndiyo, kasoro. Weka kidole karibu na doa ili ukubwa wake uonekane, na andika: «Ina doa dogo kwenye mkono wa kushoto, nimepunguza bei.» Watu wengi hunicheka ninaposema hivi. Lakini mteja anayegundua doa mwenyewe hurudisha nguo, huomba nauli yake, na huwaambia watu ishirini. Mteja aliyeambiwa hununua na kunyamaza.

Usitegemee namba iliyoandikwa kwenye lebo. Ulaya, Uingereza na Marekani kila mmoja ana namba zake, na nguo za Asia huwa ndogo. Tumia tepu ya fundi: andika upana wa kifua, kiuno na urefu kwa sentimita. Kwa viatu, pima ndani ya soli.

Kuhusu mahali pa kutangaza: statusi ya WhatsApp hudumu saa 24, nayo huonwa na wale tu mliohifadhiana namba. Basi kila mteja mpya mwombe ahifadhi yako nawe hifadhi yake. Katika kundi watu wengi wataona tangazo, lakini pia wote wataona namba yako ya simu, hata usiowajua. Andika kwa Kirundi na kwa Kiswahili. Kifaransa kidogo kikiongezwa si vibaya kwa wateja wa Rohero.

Kulipwa na kukabidhi

Wanaolipa kwa Lumicash au EcoCash wengi ni waaminifu. Wezi nao wanazijua huduma hizo. Mmoja hutuma ujumbe alioutunga mwenyewe, unaofanana kabisa na ujumbe wa kupokea pesa. Usitoe mzigo kwa sababu ya ujumbe. Angalia salio lako mwenyewe. Mwingine hupiga simu akilia kwamba amekosea namba, umrudishie. Angalia salio kwanza. Namba yako ya siri haombwi na mtu yeyote mwema, hata akisema ni wa kampuni.

Kabla ya kuahidi kupeleka mzigo, piga hesabu ya njia. Machi 2022 pikipiki, bajaji na baiskeli zilikatazwa kuingia katikati ya mji, na mafuta yamekuwa yakikosekana mara kwa mara kwa miaka kadhaa. Mwulize dereva atafika wapi na kwa bei gani, kisha ndipo umjibu mteja.

Mtaji usiuweke wote chini ya godoro, wala mali yote katika kibanda kimoja. Wafanyabiashara wa Soko Kuu la Bujumbura walilala wakiwa na mali, na tarehe 27 Januari 2013 moto ukaiteketeza. Mwaka 2023 Benki Kuu iliondoa noti za zamani za 5,000 na 10,000 na kutoa siku kumi tu za kuzibadilisha. Waliokuwa wameficha pesa walikimbia huku na huko. Likirimba ya watu mnaojuana, yenye daftari, inasaidia.

Mambo ambayo hayana bei

Dada zangu, hapa nisikilizeni vizuri. Usivae nguo ya kuuza na kuipiga picha pamoja na uso wako. Kuna mteja ambaye hataki gauni. Ataomba «picha nyingine ukiwa umeivaa», kisha nyingine. Hudaiwi picha ya mwili wako na mtu yeyote. Acha kumjibu, usifute ujumbe wake, na njoo utuone. Hatutauliza kwa nini ulimjibu mwanzoni.

Usionyeshe mlango wako, watoto wako wala jina la avenue unayokaa. Miongoni mwetu wapo waliovuka Rusizi wakimkimbia mtu fulani, siyo vita peke yake, na mtu huyo naye ana simu. Kabidhi mzigo mchana, mahali penye watu, ukiwa na mwenzako. Mteja akitaka usiku, mzigo ulale.

Simu zilizotumika zina faida kuliko nguo, na hatari yake ni kubwa. Ukinunua simu ya wizi, anayekutwa nayo ni wewe. Mkimbizi akikamatwa na simu ya wizi huweza kulala ndani kabla hata hajaeleza. Bonyeza *#06#, soma namba inayotokea na uilinganishe na ya kwenye boksi. Hakikisha mwenye simu ameondoa akaunti yake mbele yako. Muombe aandike karatasi, aweke jina, namba ya kitambulisho na sahihi. Akikataa kuandika, amekwisha kukujibu.

Tena kuna blanketi, ndoo na turubai za msaada. Kanuni ni kwamba haviuzwi. Sitajifanya sijui kwamba wapo wanaoviuza. Nimemwona mama akiuza blanketi ili kununua dawa ya mtoto, na mimi si wa kumhukumu. Lakini baridi ya usiku haiulizi sababu. Ukifika hapo, njoo kwanza utuambie kuhusu hiyo dawa, kabla ya kuliweka blanketi kwenye simu.

Zoezi la kufanya kikundini

Mama mmoja amenunua jozi 4 za viatu kwa franka 80,000. Ametumia 6,000 kwa rangi ya viatu na gundi, 8,000 kwa nauli na 2,000 kwa intaneti. Jozi moja kisigino chake kimevunjika, na fundi amesema hakitengenezeki. Je, auze kila jozi kwa bei gani ili angalau arudishe pesa yake?

Andikeni jibu kwenye karatasi na mje nalo siku ya mkutano. Aliyepata 24,000 asome tena habari ya kisigino.