Binti Yangu Amenyamaza

Swali: Binti yangu wa miaka 15 hali, halali, shule hataki. Majirani hapa Zombe wanasema amerogwa. Nianzie wapi?

Jibu: Mama, muulize waziwazi kama anatamani kufa. Swali hilo halimpandikizii wazo. Akikubali, fungia mbali dawa za shamba na za mifugo, asiachwe peke yake, na mfike hospitali leo hii. Polisi wasiwatishe: Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya iliamua kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya jaribio la kujiua kuwa kosa, kinakiuka Katiba. Akikana, bado mpeleke kituo cha afya, mwombe rufaa ya kwenda hospitali ya kaunti mjini Kitui. Nauli ikisumbua, piga 116, simu ya watoto, bila malipo. Maombi nayo yaendelee. Hayagombani na daktari.